Seli shina za kurudisha mielini: zinafanya nini haswa?

Juzi shemeji alinitumia tangazo la kliniki fulani ya ng'ambo inayouza tiba ya seli shina kwa wasap, chini akaandika, "Shem, dawa ya kumponya dadako kabisa imepatikana, tuitishe mchango." Dadangu ana MS (multiple sclerosis), ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo, na siku jua la Kisumu likiwaka hata kufunga vifungo vya blauzi kunamshinda, vidole viko hapo lakini havimsikii, jioni kukipoa anavifunga mwenyewe. Nikaketi nikaisoma hii maneno vizuri, na naiandika hapa juu najua si sisi peke yetu tumetumiwa hilo tangazo.

Mielini ni utando wa mafuta uliozungushiwa neva safu juu ya safu, jina alilipa Mjerumani Rudolf Virchow 1854. Utando wenyewe haujafunika neva yote, umeacha vinafasi vidogo vidogo na ujumbe unaruka kutoka nafasi moja hadi ingine, kama matatu ya Kisumu kwenda Kakamega inayosimama Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali tu, si ile inabeba watu kila geti. Neva nene yenye mielini inafikisha ujumbe kwa kasi ya hata mita 100 kwa sekunde, zile nyembamba zisizo nayo ni kama mita 1. Kwa MS kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, inakula mielini ya ubongo na uti wa mgongo, na neva ikishabaki uchi joto likipanda kidogo tu ujumbe unakatikia njiani. Vile vifungo ndio hivyo.

Seli shina nayo ni seli ambayo bado haijapewa kazi, inaweza kuzaa zingine na zikawa seli za aina tofauti. Hapa ndipo watu wanachanganywa, juu tangazo linaziita zote jina moja na si kitu kimoja.

Kuna za damu. Wanazitoa kwako, wanaziweka kwa friza, wanakupiga kemo kali ya kufagia kinga iliyoharibika halafu wanakurudishia uanze na kinga mpya. Imesaidia watu wengine wenye MS inayokuja na kuondoka, haswa wakiwahi, lakini elewa inazuia uharibifu usiendelee, haishoni mielini iliyokwisha kuliwa, na hiyo kemo ni hatari, mtu anaweza kufa.

Kuna zinazotolewa kwa mafuta ya tumbo au uboho. Hizi ndizo kliniki nyingi zinauza. Wanasayansi wanazifuatilia juu zinaonekana kutuliza kinga, lakini hazigeuki zikawa fundi wa mielini kwa ubongo wako.

Fundi mwenyewe anaitwa oligodendrosaiti, na seli moja inaweza kufunga vipande vya neva hata 50. Aina ya tatu ndiyo inalenga kuzaa huyu, na kwangu ndiyo yenye tumaini la kweli. 2012 madaktari wa San Francisco walitoa ripoti ya wavulana wanne waliozaliwa na ugonjwa wa Pelizaeus-Merzbacher, mwili wao hautengenezi mielini vizuri, wakapandikizwa seli shina za neva ndani ya ubongo na MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo, ikaonyesha dalili za mielini mpya. Wanne tu, na lilikuwa jaribio la kuangalia kwanza kama ni salama. Kwa MS ni ngumu zaidi, juu hata ukileta fundi mpya, ile kinga iliyokula kazi ya kwanza bado iko.

Tulipomsomea lile tangazo, dadangu aliuliza swali moja: hizo seli zao zinatoka wapi na zikifika kwa ubongo zinakuwa nini? Shemeji akawaandikia watu wa kliniki hivyo hivyo. Walirudisha bei na namba ya akaunti, swali likabaki hapo. Mchango tumeitisha kweli, lakini wa MRI na dawa za kutuliza kinga alizoandikiwa na daktari wa neva, na feni ya chumba chake.