“Huyo Haelewi Kitu, Usipoteze Muda Kuongea Naye”

Tanzania ukitaka kumtukana mtu bila kutumia tusi, unamwambia anafaa kupelekwa Milembe. Hospitali yenyewe, Mirembe, ni ya wagonjwa wa akili na ipo Dodoma tangu 1927, na jina lake limefanyiwa mzaha vijiweni kiasi kwamba familia yenye mgonjwa pale huwaambia majirani kuwa amesafiri. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali nyingine. Nikitaja kazi yangu kwenye daladala au msibani, maneno ninayoyapata ni yaleyale, na mengine nimeyasikia hata kwa wauguzi wenzangu.

“Kazi yenu si kuwafunga na kuwachoma sindano?”

Simlaumu anayeuliza hivi, kwa sababu ndicho alichokiona. Kijana analetwa kwenye bajaji, mikono imefungwa kamba ya katani, kaka zake wamemkalia, na nesi anatoka na sindano. Hizo ni dakika tano za kwanza. Wiki tatu zinazofuata hakuna anayeziona.

Zamani hospitali hizi kweli zilikuwa za kufungia watu zaidi ya kutibu. Mwaka 1952 yalitokea mambo mawili, kila moja upande wake wa bahari: Ufaransa madaktari walianza kuwapa wagonjwa wa saikosisi (hali ya mtu kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo) dawa ya klopromazini, na Marekani muuguzi Hildegard Peplau akatoa nadharia yake kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa nao ni tiba. Klopromazini ilifika hadi kwenye makabati yetu. Somo la Peplau tunalifanyia mtihani chuoni, halafu wengi tunaliacha hukohuko.

Kwa hiyo mgonjwa akishushwa kwenye bajaji, mimi hufanya nini? Nawaomba ndugu wasogee. Nasimama hatua mbili tatu kutoka alipo, kwa ubavu kidogo badala ya kumkabili uso kwa uso, mikono yangu aione, mlango nisiuzibe. Namtajia jina langu. Kama kanizidi umri, naanza na shikamoo. Wanafunzi wa mafunzo ya vitendo hucheka hapo, lakini “marahaba” moja inanieleza mengi: kanisikia, kanielewa, anajua mimi ni mdogo kwake. Tena inamrudishia kitu ambacho watu huacha kumpa siku ileile anapougua. Mzee mmoja aliyekuwa hajaongea na mtu siku mbili aliniitikia, “Marahaba mwanangu. Hawa wamenifunga kwa nini?” Hakuna aliyekuwa amemwambia. Walimdanganya kuwa wanakwenda harusini Morogoro. Ndugu hufanya hivyo kwa nia njema, najua, lakini anayeletwa hospitali kwa uongo wa harusi ataamini vipi nikimwambia kidonge hiki ni dawa?

“Mgonjwa wa akili hajui kinachoendelea”

Hili ndilo linaloniuma, kwa kuwa nami nililiamini. Saikosisi humvuruga mtu katika baadhi ya mambo. Masikio haiyazibi, wala hisia za mwili haizifuti.

Nilikuwa mgeni kazini. Kijana wa miaka ishirini na kitu, siku yake ya pili kwenye haloperidoli, dawa nyingine ya saikosisi, aliniita dirishani: “Sista, kuna mtu ananivuta shingo.” Nilimtazama, nikaandika kwenye faili kuwa bado ana imani potofu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi kichwa kilikuwa kimepinda kuelekea bega la kushoto, macho yamegeukia juu, mate yanamtoka. Ni madhara ya dawa, tena yanayojulikana sana, hasa kwa vijana wa kiume katika siku chache za mwanzo. Muuguzi mkongwe wa zamu alimchoma promethazini kwa maelekezo ya daktari, na baada ya kama nusu saa shingo ikalegea.

Kijana alikuwa ameeleza dalili yake barabara kabisa. Alichokosea ni sababu tu: alidhani ni mtu anayemvuta. Siku hizi mgonjwa akiniambia ana nyoka tumboni, kabla sijaandika chochote namuuliza amepata choo lini. Klopromazini hufunga choo, na benzeksoli tunayowapa kwa ajili ya ile mikakamao hufunga vilevile.

Kuhusu kusikia: yanayosemwa kitandani kwa mgonjwa huyakumbuka. Mama mmoja alirudi kliniki amepona, kajifunga kitenge kizuri, akamwambia mwenzangu kwa upole kabisa, “Wewe ndiye uliyesema, ‘huyu naye tena?’” Mwenzangu hakupata la kujibu.

“Akisikia sauti, mkubalie ili atulie”

Wengine husema kinyume chake: mkatalie, mwambie aache ujinga. Yote mawili yanaharibu. Ukimkubalia kwamba jirani anaongea ndani ya ukuta, umempa shahidi. Ukimbishia, mtabishana mpaka kesho, na atakachojifunza ni kwamba kwako hapasemeki.

Mimi husema, “Mimi siisikii hiyo sauti, ila naona inakutisha. Inasemaje?” Sentensi ya kwanza haimdanganyi, ya pili haimpuuzi. Na hilo swali la mwisho si umbea. Sauti inayomtukana mtu ni jambo moja, sauti inayomwamuru afanye kitu ni jambo jingine, na hiyo ya kuamuru daktari anaambiwa muda uleule. Namuuliza pia akifanya nini inapungua. Wapo wanaowasha redio, wapo wanaoimba kwaya, mmoja alikuwa anamenya viazi jikoni kwa wapishi. Hilo nalo liliingia kwenye mpango wa uuguzi.

“Usimuulize kuhusu kujiua, utamtia wazo”

Wazo huwa lilishafika kabla yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na linasema wazi kwamba kumuuliza mtu hakumsukumi kufanya hivyo. Mara nyingi nimeona mabega yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Shida ni namna tunavyouliza. “Hufikirii mambo mabaya, si ndiyo?” Hapo umeshamjibia, atasema hapana ili umalize fomu yako. Naanza mbali kidogo: “Mtu akibanwa hivi, kuna wakati hutamani asiwepo. Wewe limekujia?” Kisha nalitaja lenyewe: umefikiria kujiua? Akisema ndiyo, simwachi peke yake, na simwahidi kwamba itakuwa siri yetu wawili, maana ahadi hiyo siwezi kuitimiza.

Sheria nayo inatufunga midomo. Kwa Tanzania, kujaribu kujiua kumo kwenye Kanuni ya Adhabu kama kosa. Ndiyo maana mtu anafika mapokezi akisema alikunywa sumu “kwa bahati mbaya”, na ndugu zake wanashikilia hapohapo. Kenya, kifungu kama hicho kilibatilishwa na Mahakama Kuu Januari 2025. Kwa upande wetu, muuguzi anayetaka kuambiwa ukweli lazima kwanza asikike tofauti na polisi.

“Muuguzi mzuri ni yule mwenye maneno ya kutia moyo”

Usijali. Utapona tu. Mungu yupo. Wenzako wana matatizo kuliko wewe. (Hili la mwisho natamani lipigwe marufuku kwenye wodi zote.) Maneno haya humtuliza anayeyasema. Mgonjwa anayasikia kama mlango unaofungwa taratibu.

Hata “pole”, neno letu zuri ambalo lugha nyingi hazina, lina mahali pake. Ukilisema na kubaki umekaa, ni mwanzo wa mazungumzo. Ukilisema huku unatazama saa, umeaga. Kilicho kigumu kuliko maneno ni kunyamaza. Mgonjwa wa sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, anaweza kuchukua nusu dakika kabla ya kujibu swali dogo, na nusu dakika wodini ni ndefu mno. Mkono unawasha, unataka kumdokezea jibu. Huwa nahesabu pumzi zangu kimyakimya. Zikifika kumi hivi, mara nyingi anakuwa ameanza.

Mengine nayapitia haraka, yasije yakachukua nafasi kubwa kuliko yanavyostahili. Kwamba wote ni wakali: wengi hawamgusi mtu, na mara nyingi wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kunajisiwa. Kwamba ni jini, kwa hiyo hospitali haimuhusu: sigombani na shehe wala mchungaji, naomba tu maombi yaende pamoja na dawa na mgonjwa asifungwe minyororo wala kunyimwa chakula. Kwamba akipata nafuu aache vidonge: nafuu hiyo mara nyingi ndiyo kazi ya vidonge, na kuacha ghafla bila kumwambia daktari ndiko kunakowarudisha wengi wodini.

“Muulize ndugu yake, yeye hawezi kujieleza”

Siku ya kliniki hili huanzia kwenye viti. Namuuliza kijana amelalaje wiki hii, mama yake anajibu amelala vizuri. Anakula? Anakula sana. Dawa anameza? Namsimamia mwenyewe, sista. Simpuuzi mama. Yeye ndiye atakayeona dalili za mwanzo za kurudi kwa ugonjwa, tena kabla yangu, na nitakaa naye baadaye. Lakini faili lina jina la kijana.

“Mama, samahani, naomba kwanza anijibu yeye.”

Mama ananyamaza, anakunja kadi ya kliniki mara mbili. Kijana anatazama sakafu. Nahesabu pumzi. Kwenye ya nane anainua uso.

“Usiku nalala,” anasema. “Ila hizi dawa, sista, zimeninenepesha mpaka suruali ya kazini hainiingii. Ndiyo maana za asubuhi nilikuwa natema.”