Je, wajua? Jeni "iliyozimwa" bado ipo palepale

Kwa muda mrefu mi nilijua hivi: wakisema jeni imezimwa maana yake imekatwa au imeharibiwa, basi, haipo tena. Na ndivyo nilivyomweleza mdogo wangu wa form six akaandika kwenye daftari. Sio hivyo. Jeni inabaki mahali pake ndani ya DNA, herufi kwa herufi, haijaguswa, kinachokamatwa ni ujumbe wake ukiwa njiani, na hapa nataka tukae kidogo maana ukipakosea hapa RNA ndogo, yaani vile vipande vifupi vya RNA (molekuli ndugu ya DNA) vinavyozima jeni, hutazielewa kabisa.

Chukua ofisi ya ushonaji. Bosi ana kitabu cha mishono, amekifungia ndani, hakitoki. Mafundi wako barazani na vyerehani vyao. Gauni likitakiwa, inatolewa fotokopi ya ukurasa mmoja, wanapelekewa mafundi, wanashona. Kitabu ndio DNA, fotokopi ni RNA ya ujumbe, vyerehani ni ribosomu, nguo ni protini. Sasa hutaki magauni yashonwe. Unaweza kuchana ukurasa kitabuni, ndivyo nilivyodhani mimi. Au unamweka mtu barazani mwenye mkasi, kila fotokopi ya gauni ikipita anaikata kabla fundi hajaisoma. Kitabu kizima, gauni hakuna. RNA ndogo zinafanya hii ya pili.

Ushahidi mzuri ni inclisiran, dawa ya kolesteroli ambayo yenyewe ni RNA ndogo, inazima jeni inayoitwa PCSK9 kwenye ini. Ukishaanzishiwa unachomwa sindano kila baada ya miezi 6. Ingekuwa inafuta jeni, kurudia kungekuwa kwa nini?

Historia kwa ufupi: 1990 kule Marekani Carolyn Napoli, Richard Jorgensen na mwenzao waliiongezea petunia ya zambarau jeni ya ziada ya rangi, wakitegemea ikolee, ikatoa maua meupe, yaani jeni ya rangi ilizimika. 1998 Andrew Fire na Craig Mello wakaonyesha kwenye mnyoo wa milimita moja kwamba kinachoanzisha uzimaji ni RNA ya nyuzi mbili, wakapata Nobel 2006.

Nyuzi mbili, hapo ndio penye utamu. Ujumbe wa kawaida wa seli ni uzi mmoja, kwahiyo RNA ndefu ya nyuzi mbili ni kitu cha kutiliwa shaka, mara nyingi ni virusi. Kimeng'enya kinaitwa Dicer kinaikatakata vipande vya herufi kama 21 hadi 23. Kila kipande kinachukuliwa na protini inaitwa Argonaute, inatupa uzi mmoja na kubaki na mwingine kama sampuli mkononi. Sasa fikiria zipu. Upande mmoja wa zipu ni ile sampuli, na kila ujumbe unaopita Argonaute inajaribu kuufunga nao, herufi A inashika U, G inashika C (hizo ndizo herufi 4 za RNA), jino kwa jino. Yasipokutana inauachia uende zake. Zipu ikifunga mpaka mwisho, Argonaute inaukata ujumbe katikati, inaachia vipande, na sampuli ile ile inaendelea kusubiri mwingine. Herufi 4 kwenye nafasi 21 zinatoa mipangilio zaidi ya trilioni 4, yaani nafasi ya kumkata asiyehusika ni ndogo mno.

Ila hiyo ni zipu ikifunga yote. Kuna RNA ndogo za seli yenyewe, maikroRNA, ambazo kwa wanyama mara nyingi zinashika meno machache tu, hasa ya 2 mpaka 8. Hizi kwa kawaida hazikati, zinauzuia ujumbe usisomwe na kuufanya uchakae mapema, kwahiyo ni kupunguza sauti zaidi kuliko kuzima, na moja inaweza kugusa jumbe za jeni mamia. Ya kwanza, lin-4, yenye herufi 22, ilielezwa 1993 na maabara za Victor Ambros na Gary Ruvkun, Nobel ikaja 2024. Tuwe waangalifu pia: 2011 watafiti wa China walidai maikroRNA za mchele zinafika kwenye ini la mlaji na kuzima jeni, lakini wengine walirudia majaribio hawakuipata hiyo athari, so anayekuuzia chakula kwa hoja hiyo msubirishe.

Huku kwetu kitu hiki kimefika mpaka kwenye muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa Amani, Tanganyika, miaka ya 1930, unaweza kukuta shina linapendeza ukichimba mzizi ndani umeoza. Wanasayansi wakaupa muhogo jeni inayotengeneza RNA ya nyuzi mbili inayofanana na virusi wake, na 2021 Kenya ikatoa kibali cha usalama wa kibayolojia. Na hapa kuna tofauti moja kubwa na yote niliyosema juu: virusi hawa hawana DNA kabisa, RNA yao ndio ujumbe na ndio kitabu chenyewe, kwahiyo mkasi ukipita hakuna ofisi ya kurudi kutoa fotokopi nyingine.