Mawe ya Mwanza hayakuletwa na barafu

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti mawe yaliyobebana Mwanza, pamoja na Jiwe la Bismarck, yaliburutwa hapa na mto wa barafu, yaani barafu nene inayotambaa polepole. Si kweli. Ni graniti ya hapahapa, yenye zaidi ya miaka bilioni 2. Maji yaliipenya kwenye nyufa ikiwa ardhini, ikalainika kandokando ya nyufa hizo na kuwa udongo; mvua ikausomba, viini vigumu vikabaki vimepandana.

Nenda Capri Point, hapahapa Mwanza, ulishike jiwe. Linabanduka maganda kama kitunguu, na chembe zake ni zilezile za mwamba lililoukalia. Barafu huacha mawe ya kila aina yaliyochanganyika na udongo, mengine yenye mikwaruzo.

Watu huchanganya kwa sababu Kilimanjaro matuta ya mawe na udongo yaliyoachwa na barafu yapo kweli. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.