Mambo tunayowaambia watoto kuhusu chakula na sio ukweli

Nafundisha watoto wadogo, wa PP1 (chekechea) hadi gredi ya tatu, hapa Kenya, na kuna kitu kinaniuma. Tumechukua uraia, usalama wa chakula na vyakula vya kienyeji tukavifanya masomo matatu yasiyosalimiana. Uraia ukawa wimbo wa taifa na rangi za bendera, usalama wa chakula ukawa kunawa mikono basi, na chakula cha kienyeji kikawa ni ile siku moja ya utamaduni mtoto anavalishwa shuka, anashikishwa kibuyu kitupu, anapigwa picha. Kwangu hilo ni somo moja na linaanzia kwa sahani. Hizi hapa ni dhana nazisikia kila muhula, kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, hata kwa grupu za WhatsApp za darasa.

"Mtoto wa miaka sita ataelewa nini kuhusu uraia, na hata hapigi kura?"

Ukweli ni kwamba kura ni kipande kidogo tu. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza 2017 umeweka uraia kati ya umilisi saba wa msingi, na haukusema tungoje mpaka mtoto afike sekondari. Ukifungua Katiba yetu ya 2010 utaona chakula kiko humo: ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kutolala njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, ya 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya 53 inamtaja mtoto mwenyewe, kwamba lishe ya msingi ni haki yake. Sasa mtoto wa gredi ya pili hatakariri ibara na hana haja. Yeye anaziishi akitumwa maziwa dukani. Anageuza pakiti, anatafuta tarehe, akiona imepita anasema "Samahani anko, hii imeekspaya, naomba ingine", kwa heshima, bila kelele, halafu anangoja. Hiyo ni kazi ya raia mzima amefanya. Shida ni vile akirudi nyumbani na hiyo hadithi anaambiwa ana mdomo, aache kusumbua watu wa duka. Wazazi tafadhali msimzime huyo mtoto.

Wale wa gredi ya tatu wanaweza hata kuangalia alama ya ubora ya KEBS, shirika letu la viwango, kwa pakiti ya unga, hapo kwa alama kuna namba ya kibali, mnaituma kwa SMS kwenda 20023 mkianza na SM# na mnajibiwa kama kibali ni halali. Fanyeni pamoja na simu ya mzazi, watoto wanapenda sana kungoja lile jibu. Lakini pia wasikue wakidhani tarehe na alama ndio kila kitu, manake maziwa fresh yakiachwa kwa jua mlangoni mwa duka yataharibika hata kama tarehe bado iko mbele. Mtoto aulize pia yalikuwa yamewekwa wapi.

"Cha kienyeji ni cha asili, hakina madhara"

Hii inanisumbua kuliko zote sababu inasemwa na watu wanaopenda vyakula vyetu kama vile mimi navipenda. Managu, ile mboga yetu ya majani, iliyomwagiliwa maji ya sewage pale kando ya mto Nairobi ni ya kienyeji kabisa, na bado imelishwa uchafu. Maziwa ya kukamuliwa sasa hivi ni ya kienyeji na yanaweza kukuletea brusela, ile homa inakuja na kwenda na viungo vinauma mpaka mtu anadhani amerogwa. Ndio maana hata mursik, maziwa ya Wakalenjin ya kuchachusha, siku hizi wengi wanachemsha maziwa kwanza, yanapoa, ndio yanaingia kwa kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, na bado ni mursik.

Mfano ninaopenda kuwapa wazazi ni muhogo mchungu. Una kemikali zinazotoa sayanaidi, na wazee wa sehemu zinazokula huo muhogo walijua kuulowesha siku kadhaa, kuuchachusha, kuuanika mpaka sumu itoke. Watu wakiruka hizo hatua sababu ya njaa, inakuja konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao haurudi nyuma. Ulielezwa na madaktari huko Kongo tangu miaka ya 1930, na hapa karibu ulipiga Tarime, Tanzania, upande wa pili tu wa mpaka wetu wa Migori, wakati wa ukame wa 1985. Kwa hivyo shosho (nyanya) akisema "huu haujaiva, ngoja kesho kutwa" anakulinda, na ujuzi wake ndio usalama wa chakula wenyewe. Tukiwapa watoto jina la chakula bila zile hatua zake tumewapa nusu, na ni ile nusu hatari. Na wakitoka shule wakang'oa muhogo shambani wakautafuna mbichi njiani, waambiwe sababu, wasiogopeshwe tu na kiboko.

"Ukipika sana sumu inaisha"

Hapana. Vijidudu vingi vinakufa kwa moto, nyama na mayai vikiiva mpaka ndani uko sawa. Aflatoksini, ile Watanzania wanaita sumukuvu, haiendi na moto wa ugali. Inatengenezwa na ukungu unaomea kwa mahindi na karanga ambazo hazikukauka vizuri, na ukungu unaweza kupanguswa usiuone tena na sumu ibaki ndani ya punje. Mwaka 2004 huku Makueni na Kitui waliugua watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara, Tanzania. Novemba 2019 KEBS ikasimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa hii hii sababu. Hatuongei juu ya kitu cha mbali.

Na hapa ndio mtoto anaweza kushika kazi kwa mikono yake. Chukua chupa ya glasi iliyokauka na kifuniko chake, chukua chumvi ukaikaushe kwa sufuria juu ya moto kidogo ipoe. Mtoto anatia mahindi kama robo ya chupa, anaongeza kijiko cha chumvi, anafunga, anatingisha dakika kama mbili huku darasa zima linahesabu, halafu mnaiweka chini itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwa kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Chumvi ikianguka yote chini, yanaweza kuwekwa ghalani. Mafundi wa kilimo wanawafundisha wakulima hivyo hivyo, na nimeona watoto wa gredi ya kwanza wakienda kumpima baba yao mahindi jioni hiyo hiyo. Ongeza kuchambua kwa ungo: iliyovunjika, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, zote pembeni.

Halafu inakuja dhana nyingine pale pale kwa ungo, "hizo mbovu tutapea kuku". Sumu haipotei kwa tumbo la mnyama. Ng'ombe akila mahindi yenye ukungu, sehemu ya sumu inatoka kwa maziwa, na hayo maziwa anakunywa nani? Huyo huyo mtoto. Zizikeni.

"Unga wa uji ukichanganya vitu vingi ndio una nguvu"

Najua hii itanigombanisha na watu. Kuna akina mama wanapeleka kwa mashine ya kusaga wimbi, mahindi, mtama, soya, karanga, omena, njahi, vyote gunia moja, ati mtoto anenepe. Wimbi peke yake ina kalsiamu nyingi sana, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100. Ukiisaga na karanga na mahindi umemwongezea mtoto vitu viwili vinavyoongoza kwa sumukuvu, tena kwa unga hakuna mtu anaweza kuchambua. Na omena ikisagwa na unga mafuta yake yanachacha haraka. Saga wimbi yako, uji ukiiva ongeza maziwa, mpe yai au ndengu au omena kando kwa sahani. Na mtoto mdogo akizoea ladha ya kila kitu kivyake anajua anakula nini.

"Kunawa mikono ni mambo ya wazungu, sisi tulikula hivyo hivyo tukakua"

Wengine hawakukua, na hatuwaoni hapa waseme. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2015, watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 9 ya watu wote lakini wanabeba asilimia 40 ya mzigo wa magonjwa ya chakula, na 125,000 wanakufa kila mwaka. Hivyo hata ile ya "uchafu kidogo unajenga kinga" iacheni, mtoto anayeharisha kila mara anadumaa.

Na mambo ya wazungu yanatoka wapi? Angalia desturi yenyewe: mgeni ameketi, mtoto anakuja na jagi na beseni, anainama, anasema "karibu unawe babu", anamimina, maji machafu yanaanguka chini. Hayo ni maji yanayotiririka, ndio haya haya madaktari wanataka, kilichokosekana ni sabuni tu. Kilichoharibika kilikuja baadaye, ile karai moja ya maji watu ishirini wanachovya mkono, mkubwa wa kwanza, watoto mwisho kwa maji meusi. Rudisheni jagi. Shuleni tumieni kibuyu chirizi, mtungi wa lita 5 uliotobolewa kwa msumari na kamba ya kukanyagia, watoto wanautengeneza wenyewe na wanapangiana zamu ya kuujaza, na hiyo zamu nayo ni uraia.

"Vyakula vya kienyeji ni vya wazee na watu wa chini"

Uliza bei ya mboga za saga au managu supamaketi uje unieleze. Hii aibu ilipandwa na inang'oleka. Kenya ilianza 2007 kuorodhesha mimea yetu ya chakula, ikafika kama 850 na majina yake ya kienyeji, baadaye watoto wa shule za msingi wakashirikishwa kuandika vyakula vya kwao, na mwaka 2021 UNESCO ikaiweka hiyo kazi kwa rejista yake ya mifano bora. Watoto ndio walikuwa wanakwenda kwa wazee kuuliza.

Lakini usiende upande ule mwingine ukamwambia mtoto chakula chenu ndio chakula. Darasani kwangu mtu anafungua omena, mwingine amebeba mukimo, mwingine muthokoi, na msimu wa mvua kuna wa kumbikumbi wa kukaanga. Anayesema "yaak" namfundisha aseme "mimi sijazoea, mnaipikaje?", na anaruhusiwa kukataa, manake kuna dini, kuna mwili kukataa karanga au maziwa, na kuna ile tu hajisikii. Asichoruhusiwa ni kumcheka mwenzake mpaka afunge mkebe akae njaa. Mzazi, kesho ukipika mrenda na hujui inaitwaje kwenu, mpigie shosho simu umpe mtoto aongee mwenyewe, aulize jina, aulize inakaa motoni muda gani, na ni mboga gani huko kwao maji ya kwanza humwagwa.