Saratani ya titi na uwezo wa kuzaa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Dar, binti wa miaka 28 akiambiwa ana saratani ya titi, maneno ya ndugu na majirani humfikia kabla hata hajafungua faili Ocean Road, hospitali ya saratani. Mengi ni ya nia njema, ila yanamchelewesha kuuliza swali la uzazi, ambalo lina muda wake.

“Ukishapigwa kemo, kizazi basi tena.” Si lazima. Dawa za kemo, zinazoua seli za saratani, kama siklofosfamaidi, huua mayai pia, lakini athari hutegemea dawa, dozi na hasa umri. Wa miaka 27 ana akiba kubwa kuliko wa 40.

“Hedhi imerudi, umepona kabisa.” Hii ndiyo inayowaponza wengi. Hedhi inaweza kurudi huku mayai yamebaki machache, na ukomo wake ukaja mapema. Kinyume chake pia ni kweli: hedhi kukatika wakati wa kemo si kinga ya mimba. Tumia kondomu au kitanzi cha shaba. Kijiti na sindano za uzazi wa mpango zina homoni, hazimfai mgonjwa huyu.

“Kwanza upone, habari za watoto baadaye.” Baadaye huwa umechelewa. Kuvuna mayai huchukua takriban wiki mbili, na siku hizi huanza siku yoyote ya mzunguko. Dawa ya letrozoli huongezwa ili homoni ya estrojeni isipande sana. Mayai, au viinitete (mayai yaliyorutubishwa) kwa mwenye mume, hugandishwa kwenye nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Gharama ni kubwa, tusidanganyane. Ipo pia goserelini, sindano ya tumboni kila wiki nne, inayoanzwa angalau wiki moja kabla ya kemo ili kuzilaza ovari. Inapunguza hatari ya ovari kufa, ingawa haichukui nafasi ya kugandisha mayai. Binti ambaye hajaolewa, mama yake kakaa pembeni, huona haya kuyataja haya. Basi aombe dakika mbili peke yake: “Daktari, kabla ya dripu ya kwanza, mayai yangu je?”

“Mimba huiamsha saratani.” Utafiti wa POSITIVE, uliochapishwa 2023, ulifuatilia wanawake 516 wa miaka 42 kushuka chini, wenye saratani inayolishwa na homoni. Walisimamisha dawa za kuzuia homoni, kama tamoksifeni, baada ya kuzitumia miezi 18 hadi 30 ili wabebe mimba. Ndani ya miaka mitatu, saratani ilirudi kwa asilimia 8.9, kwa kundi la kulinganishia ambalo halikusimamisha, 9.2. Ufuatiliaji wa miaka mingi zaidi bado unaendelea, na kusimamisha tamoksifeni ni uamuzi wa kufanya na daktari, si kimyakimya nyumbani. Dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni, hivyo huachwa miezi kadhaa kabla ya kutafuta mimba.

“Mtoto atanyonya kansa.” Saratani haipiti kwenye maziwa. Titi lililopigwa mionzi mara nyingi hutoa maziwa kidogo au halitoi kabisa. Lile lingine hunyonyesha vizuri, mradi mama hajarudia tamoksifeni.