Haibridi ya kuchaji Tabora: anza na soketi, gari lifuate

Kabla hujatuma hela Japani kwa ajili ya Outlander PHEV au Prius PHV, yaani haibridi ya kuchaji (gari la petroli na umeme linalochomekwa ukutani), mwite fundi umeme apime eathi ya nyumba yako. Rangi ya gari na kilomita ilizotembea utaviangalia baadaye.

Haibridi tulizozizoea, zile Prius na Aqua za kawaida, hazichomekwi popote. Betri yake ndogo hujazwa na injini, na pia gari linapopunguza mwendo. Haibridi ya kuchaji ina betri kubwa zaidi na tundu la kuchomekea waya ubavuni, na faida yake yote inapitia kwenye tundu hilo. Usipochaji unabeba mzigo. Betri ya Outlander peke yake ina kama kilo 200, gari zima linagusa kilo 1,800, na ukiliendesha kwa petroli tu, mwenye IST atakucheka kila mkikutana kituo cha mafuta.

Kwa matumizi ya mjini Tabora, magari haya yanakaa vizuri. Mji ni tambarare na umbali ni mfupi. Anayekaa Ipuli au Kiloleni akapeleka watoto shule, akaenda kazini, akapitia sokoni na kurudi nyumbani, ni nadra kuvuka kilomita 30 kwa siku. Kilomita hizo 30 ndizo betri inazoziweza bila kugusa petroli.

Usidanganywe na katalogi. Outlander iliyotoka 2013 ina betri ya kilowati-saa 12 (seli 80, volti 300), injini ya lita 2.0, na mota mbili za kilowati 60 kila moja, moja mbele na moja nyuma. Katalogi ya Japani inaitaja kwa kilomita 60.2 za umeme. Betri yenye miaka kumi, AC ikiwa imewashwa, hesabu 28 hadi 35. Toleo lililoboreshwa la 2018 lilipanda hadi kilowati-saa 13.8 na injini ya lita 2.4. Prius PHV ya kizazi cha kwanza ina kilowati-saa 4.4 tu, hiyo mimi singeihangaikia, kwa sababu gharama ya kutengeneza njia ya umeme ya kuchajia ni ileile na unaambulia kilomita 15 hivi. Ile ya 2017 na kuendelea, yenye kilowati-saa 8.8, ni habari nyingine, ila iko chini sana kwa barabara zetu za mitaani.

Karatasi ya mnada ya Japani inaeleza mikwaruzo na kutu. Afya ya betri haiielezi. Mwambie muuzaji achomeke kifaa cha OBD (cha kusomea kompyuta ya gari), asome uwezo wa betri kwa Ah, yaani ampea-saa, kwenye programu kama PHEV Watchdog, na akutumie picha ya skrini pamoja na namba ya chesisi. Betri mpya ya kilowati-saa 12 husoma karibu 38 hadi 40. Ikisoma 30 bado inafaa. Ikishuka chini ya 27, bei nayo ishuke sana, ama uachane nalo. Muuzaji anayekataa kusoma, mpite.

Sasa turudi kwenye soketi, maana hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa sifa bila kosa lake.

Gari la Japani linaweza kuja na waya wa volti 100 au wa volti 200. Ule wa volti 100 usiuchomeke kwenye umeme wetu wa 230 hata kwa sekunde moja. Kile kisanduku kilicho katikati ya waya kinaweza kuungua. Wa volti 200 una plagi isiyoingia kwenye soketi zetu, na mafundi wengi huikata na kufunga plagi ya ampea 13. Gari litachaji, na ndiyo maana watu wanaona hakuna tatizo. Tatizo liko kwenye kile kisanduku: ndicho kinacholiambia gari livute ampea ngapi, na cha Kijapani kimewekwa karibu ampea 15. Plagi yetu ina fyuzi ya 13, tena haikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo kwa saa nne mfululizo. Pasi huvuta umeme mwingi pia, lakini inajizima na kuwaka. Gari halipumui. Baada ya wiki chache utaona miguu ya plagi imekuwa ya kahawia, uso wa soketi umelainika na kuna harufu ya plastiki.

Nunua waya wa Type 1, ule wa pini tano upande wa gari, wenye plagi ya ampea 13 iliyotengenezewa soketi za Kiingereza kama zetu, na wenye kitufe cha kuchagua ampea 6, 8 au 10. Weka 8. Utakuwa unavuta kama kilowati 1.8, na betri iliyozeeka kidogo itajaa kwa saa nne au tano, yaani umelala. Ukiweka 10 utaokoa saa moja hivi, ila hakikisha soketi inastahili.

Na soketi inayostahili ni hii: njia yake peke yake kutoka meni swichi, isiyochangia na friji wala jiko la umeme, sakiti breka ya ampea 20, RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, waya wa milimita 2.5, au 4 kama gari linalala mbali zaidi ya mita 15. Soketi yenyewe nunua ya maana, ile nzito, yenye skrubu zinazokaza kweli. Siku ya kwanza, chaji saa moja halafu shika plagi. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, zima, fungua, kaza skrubu. Mara nyingi ni waya uliolegea nyuma. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu, kama huna njia nyingine, ifungue yote hadi mwisho. Ikibaki imeviringishwa inajipika yenyewe.

Eathi ndiyo inayosumbua zaidi hapa kwetu. Udongo wa Tabora sehemu nyingi ni kichanga, na kiangazi kinatuchukua kuanzia Mei hadi mvua za Oktoba au Novemba. Fimbo ya eathi iliyopimwa vizuri mwezi Machi, mchanga ukiwa umelowa, inaweza kushindwa kabisa Septemba. Kisanduku cha waya wa kuchaji hukagua eathi kabla ya kuruhusu umeme. Kikiona ni dhaifu kinawasha taa nyekundu na kugoma, na mwenye gari anaanza kulalamika kwamba ameuziwa gari bovu. Kwa hiyo pima wakati wa kiangazi. Ongeza fimbo ya pili, umbali wake na ya kwanza usipungue urefu wa fimbo, na mojawapo ikae yanapotiririkia maji ya bafuni au ya kuoshea vyombo, pasipokauka. Fungua na soketi yenyewe utazame: kwenye nyumba za zamani si ajabu kukuta waya wa kijani umekatwa, au umekunjwa tu nyuma ya boksi haujashika kitu.

Kuna ujanja mmoja wa mafundi ambao lazima niuseme waziwazi. Taa nyekundu ikigoma kuzimika, fundi anafungua soketi, anaunganisha eathi na nyutro kwa kipande kifupi cha waya, taa inakuwa ya kijani, analipwa, anaondoka. Siku nyutro ikikatika, iwe kwenye nguzo au kwenye meni swichi yako, bodi nzima ya gari inabeba volti 230, na anayegusa mlango wa gari huku amesimama kwenye udongo uliolowa ndiye anayekuwa eathi. Ukikuta kipande hicho, kitoe hapohapo.

Volti nazo zina saa zake. Jioni kila mtu anapowasha, umeme wa mtaani unaweza kulegea hadi chaja ikasitasita au kukata. Tega saa ya gari ianze saa nne usiku. Umeme ukikatika katikati hakuna kinachoharibika. Hatari ni ule mshtuko wa kurudi. Weka AVS (kifaa kinachokata umeme volti zikiyumba) ya ampea 13 au zaidi yenye kuchelewesha umeme unaporudi. Frijigadi ndogo ya ampea 5 itayeyuka.

Hesabu ya LUKU: betri ya Outlander yenye miaka kumi hunywa uniti 7 hadi 8 ukutani kwa kilomita 30 hivi. Uniti kwenye tarifu ya kawaida, ukijumlisha kodi, inakwenda kama shilingi 356, kwa hiyo usiku mmoja ni shilingi 2,800 hivi, yaani chini kidogo ya shilingi 100 kwa kilomita. Betri ikiisha, injini inakupa kama kilomita 12 kwa lita. Tuchukue petroli shilingi 3,000 (tazama bei kikomo ya EWURA ya mwezi husika): hiyo ni shilingi 250 kwa kilomita. Anayetembea kilomita 750 za mjini kwa mwezi anaokoa laki moja na kitu. Ila kama uko kwenye ile tarifu nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, sahau. Siku kumi za kuchaji zinazimaliza, na utahamishiwa tarifu ya juu. Pigia hesabu ya juu tangu mwanzo.

Barabarani, Outlander haina gia za kubadilisha. Mwendo mdogo mota ndizo zinazosukuma. Mwendo wa barabara kuu, kuanzia kama kilomita 65 kwa saa, injini inaweza kushika magurudumu moja kwa moja. Ndiyo maana kwenda Nzega, kilomita kama 115 za lami, ukitoka Tabora bonyeza SAVE, kitufe cha kutunza umeme wa betri. Injini inafanya kazi inayoiweza na umeme unabaki. Ukifika kijijini kwenye kibao cha 50, ambako wenye tochi hawakosi, vuta kipadeli cha kushoto nyuma ya usukani hadi B5, ngazi kali zaidi: gari linapunguza mwendo huku likirudisha umeme kwenye betri. Zima SAVE, pita kijiji kwa umeme, kisha irudishe. Kitufe cha CHARGE kiache. Kutengeneza umeme kwa petroli ni ghali kuliko wa LUKU, na kina maana tu kama mbele kuna mchanga au foleni ya kusimama muda mrefu. Kwenye mchanga mzito bonyeza 4WD LOCK na uende taratibu. Mota za umeme hapo zinapendeza kweli. Maji ni jambo jingine. Betri iko chini ya sakafu, nafasi ya chini ni milimita 190, na kijito usichokijua kina chake kipitie mwingine kwanza.

Mambo yanayoharibika. Betri ndogo ya volti 12 ndiyo inayoongoza. Ikifa, gari halifiki READY (hali ya kuwa tayari kuondoka) hata kama betri kubwa imejaa, kwa sababu ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za umeme mkubwa. Huuawa na kusikiliza redio gari likiwa limezimwa nusu. Ukisubiri mtu, liache kwenye READY. Betri kubwa itailisha ndogo.

La pili ni fundi AC. Kompresa ya magari haya inazungushwa na umeme wa volti nyingi, na oili yake ni ya aina ya POE (kwenye Toyota ni ND-11), isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ya PAG, iliyojaa kwenye maduka yetu, ikiingia hata kidogo inapunguza kinga ya umeme ndani ya kompresa. Kompyuta inaona umeme unavuja kwenye bodi, inawasha taa, na siku nyingine gari linakataa kuwaka. Kusafisha mfumo ni kazi, na mara nyingi unanunua kompresa nyingine. Hata mashine ya kujazia gesi iliyotumika kwenye gari jingine inaweza kubeba mabaki ya PAG. Na kwenye Outlander gesi hiyohiyo ndiyo inayopoza betri kubwa, hivyo AC isiyo na gesi katika joto la Oktoba si suala la kutoka jasho tu.

Oili ya injini (0W-20) badilisha kila mwaka hata kama kilomita ni chache. Injini inayowaka dakika tatu na kuzimika haichemki vya kutosha kukausha petroli na maji yanayoingia kwenye oili. Mara moja kwa wiki iache ifanye kazi nusu saa barabarani. Petroli nayo huzeeka kwenye tangi, kwa hiyo usipitishe miezi mitatu bila kuongeza lita 20. Breki hazitumiki sana, basi pini za kalipa hukwama kwa vumbi. Zitoe, zisafishe, zipake grisi kila mwaka. Prius ina feni ya kupoza betri, na tundu lake la hewa liko karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la hapa linaliziba upesi, kagua kila miezi mitatu. Panya hutafuna nyaya, kwa hiyo usilaze gari jirani na magunia ya mahindi. Kwenye kuosha, pampu ya presha isielekezwe kwenye nyaya za rangi ya chungwa.

Baadhi ya Outlander zina soketi ya umeme wa wati 1,500 kwenye buti. Ni volti 100, ya Kijapani. Chaja ya simu au kompyuta iliyoandikwa 100–240 itafanya kazi. Friji ya nyumbani hapana, mpaka uwe na transfoma ya kupandisha.

Na ukikwama njiani, tuseme upande wa Sikonge, usikubali kuvutwa kwa kamba magurudumu yakizunguka. Kwenye Outlander, ya mbele na ya nyuma yote yameunganishwa na mota, na mota inayozungushwa inazalisha umeme usio na pa kwenda. Tafuta lori la kitanda, magurudumu yote manne yawe juu. Likikosekana, Fuso ya mizigo na mbao mbili nene za kupandia zinatosha, gari lifungwe kwenye magurudumu, wala si kwenye sakafu ilipo betri.