Je, wajua kwa nini mwalimu wa fizikia anadai sentensi, si jibu tu?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, Tanzania. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona akingoja ataikosa, akayaingiza yakiwa ya moto. Yakatangulia kuganda kuliko ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Wengi tunakijua kisa hicho. Tunachosahau ni namna swali lenyewe lilivyobadilika. Baadaye, akiwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, Mpemba alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza nao. Safari hii hakutaja maziwa wala sukari. Maji ya ujazo ulio sawa, vyombo viwili, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote vinaingia friji: kwa nini cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda? Wenzake walimcheka. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, Mpemba akisimulia upande wake kwa maneno yake mwenyewe.

Swali la aiskrimu lilikuwa kisa cha jikoni. Hili la pili mtu yeyote angeweza kulipima. Kuandika humzoeza mwanafunzi kuvuka kutoka la kwanza kwenda la pili, kwa sababu ukiongea, msikilizaji hukujazia mapengo. Karatasi haikujazii kitu.

Hesabu nazo ni hivyohivyo. Mwambie mwanafunzi: kila mwalimu ana wanafunzi 40, w ni idadi ya walimu, n ni idadi ya wanafunzi, andika mlinganyo. Wengi huandika 40n = w, wakifuata maneno yalivyopangana. Kwa mlinganyo huo, shule yenye walimu 40 ina mwanafunzi mmoja! Ukitia alama ya kosa tu, kesho atalirudia. Akiandika kwanza kwamba idadi ya wanafunzi ni mara 40 ya idadi ya walimu, n = 40w inajileta yenyewe.

Lakini aandike kwa lugha gani? Katika shule za serikali Tanzania, mtoto hujifunza sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari anakutana na Kiingereza. Mimi ningemwacha aandike kwa Kiswahili kwanza, hata akiwa kidato cha kwanza. Si kwamba Kiswahili hakina mitego. Sokoni uzito wa sukari ni kilo mbili. Katika fizikia kilo ni za tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu, na uzito ni nguvu ya dunia kukivuta, inayopimwa kwa njutoni. Kosa hilo huonekana mapema likiwa kwenye daftari, kwa lugha anayoimudu.

Hata neno “kuganda” lina kesi yake. Osborne alipima muda hadi maji yanaanza kuganda. Wengine hupima hadi yafike nyuzi sifuri, wengine hadi chombo kizima kiwe barafu, na hiyo ni sehemu ya sababu wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo la Mpemba. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika “maji yaliganda baada ya dakika 50”, mrudishie daftari na swali moja: uliona nini hasa kwenye dakika ya 50?